Umeme wa Nyumba Mbili za Machage

Mimi ni jirani wa Machage hapa Nyanungu. Shamba langu la mahindi linapakana na la kwake, na kwa miaka mingi kuna tabia yake moja iliyonikera kuliko ng'ombe wake wanaoingia shambani kwangu. Machage akichinja mbuzi hamli haraka. Anasimama mbele ya majani ya mgomba aliyotandika chini, anatazama fungu la nyumba ya kwanza, anatazama la nyumba ya pili, anahamisha kipande cha ini kutoka huku kwenda kule, anakirudisha. Wageni tumekaa, tumbo linaunguruma. Ukimwambia, bwana, hata Mungu hakugawa hivyo, anakujibu bila kukuangalia, "Subiri, mura. Bado hazijalingana."

Hakuzaliwa na ugonjwa huo. Baba yake, mzee Mniko, alikuwa na nyumba tatu, na mama yake Machage ndiye alikuwa wa tatu, yule anayekumbukwa wakati nyama imebaki mifupa. Machage alisimulia mara moja tu, tukiwa tumekunywa, kwamba utotoni alijua siku ambayo nyumba ya kwanza imechinjiwa kwa harufu, si kwa kuonja. Mniko alipokufa, watoto wa nyumba zile tatu walishikiana mapanga kwa ajili ya ng'ombe waliobaki. Boma likavunjika na kila mmoja akaenda zake. Machage alitoka pale na kovu begani na neno moja kichwani: sawa. Kwake kila kitu kitakuwa sawa.

Na kilikuwa sawa. Alimwoa Agustina, Mama Jackson, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika hadi kwangu. Miaka mingi baadaye akamwoa Mogesi kutoka Itiryo, Mama Happy, mwembamba, mkimya, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Nyumba zao zilitazamana, zizi likiwa katikati, na ukizitazama ungeapa ni nyumba moja na kioo chake. Bati moja, madirisha ya aina moja, rangi moja ya kijani ambayo mimi niliichukia. Aliyenunuliwa khanga, mwenzake alinunuliwa. Kuku wa Agustina walipokufa kwa kideri, Machage alimpa kuku wengine, kisha akakaa siku nzima akiwaza kama Mogesi naye apewe, maana wake hawakufa. Akampa. Tulicheka sana.

Lakini niseme ukweli, boma lile lilikuwa na amani. Mogesi alipopata uchungu wa Happy, Agustina ndiye aliyemshika mgongo usiku kucha. Wake wenza wangapi unawajua wa namna hiyo? Walichungana, ndiyo, kila mmoja akijua sufuria za mwenzake zilivyo, lakini hawakuchukiana. Kulikuwa hakuna cha kuchukiana juu yake. Machage alihakikisha hivyo, na hilo ndilo jambo pekee maishani alilojivunia.

Basi nguzo za umeme zikaja, zikaishia ng'ambo ya bonde. Tulingoja, tukachoka. Machage akauza mafahali akaamua kuweka sola, siyo ile ya taa mbili na redio, sola kubwa ya kusukuma friji. Friji mbili, bila shaka. Akamtafuta fundi Kornelio, kijana wa Kinata kutoka upande wa Mugumu, mwenye leseni na maneno machache. Wakaenda wote Tarime mjini, wakanunua vitu Nkende, wakarudi na masanduku mawili ya kugawia umeme yaliyofanana kama mayai. Machage aliyafungua yote mawili mbele yangu kuhakikisha hakuna lililozidi.

Nilikuwepo siku Kornelio alipofunga, maana kijijini kitu kama kile hakikosi watazamaji. Paneli alizipandisha juu ya bati la nyumba ya Agustina, kwa sababu ndilo lililoelekea jua vizuri. Betri na inveta akaziweka humo humo. Hapo Machage alianza kutokwa na jasho. Nje ya ukuta Kornelio akapigilia fimbo ya shaba ardhini, akafunga sanduku la kwanza, kisha akavuta waya mnene juu ya zizi hadi kwa Mogesi, akafunga la pili. Kabla hajalifunika akashika bisibisi, akafungua kijipande cha shaba kilichokuwa ndani yake, akamkabidhi Machage.

"Hiki nini?" Machage akauliza.

"Mzee, njoo nikueleze," Kornelio akasema, akamvuta pembeni, na mimi nikawafuata bila kualikwa. "Umeme una njia ya kwenda na njia ya kurudi. Ile ya kurudi tunaiita nyutro. Halafu kuna waya wa ethi, huu wa kijani na njano. Huu siku za kawaida haubebi kitu. Umeshikana na bati la friji na kila chuma, ili umeme ukipotea njia, uupeleke kwenye ile fimbo, usimpige mtu. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Nyutro na ethi zinaunganishwa mahali pamoja tu, kwenye sanduku kuu. Ndiyo kazi ya hicho kijipande. Kwenye sanduku la pili ni lazima kitoke. Siyo mimi, ni kanuni. Kikibaki kule, waya wa ethi utakuwa unarudisha umeme kila siku bila mtu kujua. Siku nyutro ikilegea, taa hazitazima, mtadhani mambo mazuri. Na siku ethi nayo ikishindwa, umeme utatafuta pa kurudia, utajaa kwenye bati la friji. Atakayeligusa ndiye atakuwa waya."

"Lakini vile vikata-umeme ulivyoweka, havitakata?"

"Kwa kosa hilo havitaona kitu, mzee. Kitupe."

Machage hajawahi kutupa kitu. Alikitia mfukoni. Kornelio akawaita wote wa boma akawapa somo la mwisho: mtu akishikwa na umeme, msimguse kwa mkono, mpigeni atoke kwa mti mkavu. Agustina akacheka, akasema yeye kwa mti hatoki, labda kwa trekta. Kisha taa zikawaka nyumba zote mbili kwa wakati mmoja, na Machage akasimama kwenye lango la zizi akizitazama, huku na kule, na meno yote nje.

Mogesi aliona. Alikuwa amesimama mlangoni wakati kile kijipande kinatolewa, na maelezo ya pembeni hakuyasikia. Alichokiona ni hiki: kwenye sanduku la mwenzake kitu kimebaki, kwenye la kwake kitu kimetolewa, na mumewe amekitia mfukoni. Alinyamaza miezi. Halafu akauliza.

"Kile kilichotoka kwenye sanduku langu kiko wapi?"

"Hakina kazi."

"Kwa Mama Jackson kina kazi gani?"

Hapa ndipo ninapomkasirikia Machage mpaka leo, na naandika hivi nikiwa na hasira. Alikuwa amepewa jibu zima, na fundi, kwa Kiswahili chepesi. Alitakiwa alirudie tu. Lakini jibu lile lilikuwa na maneno ambayo mdomo wake haukuweza kuyatamka mbele ya mwanamke yule: kwamba sanduku kuu liko kule, na la kwako ni la pili. Alinieleza mwenyewe, kwenye mpaka wa mashamba, jembe begani. "Nitamwambiaje Mama Happy kwamba lake liko chini ya lile? Nimekaa miaka yote sijamwambia neno hilo." Nikamwambia, we mtu, huo ni umeme, hauna wivu. Akatikisa kichwa akaendelea kulima.

Mogesi hakupiga kelele. Alimletea chakula, akakiweka, akageuka. Siku ya zamu yake alilala akiangalia ukuta. Machage alivumilia hayo. Kilichomshinda ni sentensi moja aliyoambiwa akiwa anakunywa uji.

"Kumbe na wewe ni mtoto wa Mniko."

Aliweka bakuli chini. Siku ile ile Agustina alipokwenda gulioni, Machage alizima umeme kwenye sanduku kuu kama alivyomwona Kornelio akifanya, akaja nyumba ya pili na bisibisi, akakirudisha kile kijipande. Mogesi alimshikia kifuniko. Akawasha. Taa zikawaka, friji ikaunguruma, hakuna aliyekufa. Jioni Mogesi alikaa naye wakati anakula, na Machage akaniambia kesho yake, kwa furaha kama amepata ndama, kwamba mafundi nao wana mambo yao ya kujifanya wanajua.

Nilimwambia akitoe. Akasema atakitoa. Nikamwambia tena msimu wa kuvuna. Akasema, "Mbona kimekaa miezi na hakuna kitu?"

Hakuna kitu, ndiyo. Kornelio alikuja kutueleza baadaye, maneno yakiwa hayana faida tena. Kule kwenye sanduku kuu skrubu ya nyutro iendayo nyumba ya pili ilikuwa imelegea kwa joto. Laiti kile kijipande kisingekuwepo, taa za Mogesi zingezima, wangelalamika, angeitwa fundi, angekaza skrubu, angekunywa soda, angeondoka. Lakini kilikuwepo. Waya wa ethi, ambao ni mwembamba zaidi, ukabeba mzigo usio wake, kimya kimya, mpaka siku ya mnada ulipoungua kwenye kiungo.

Asubuhi hiyo Machage alikuwa ameshaswaga ng'ombe kwenda mnadani. Mogesi alikuwa anadeki. Friji ikanyamaza, taa ya jikoni ikazima. Akatoka kwenda kuchota maji mengine, akamwambia mwenzake kwa mbali kwamba kwake kumezima. Agustina akaja kutazama, pekupeku, na jagi la maziwa ambalo kwenye friji yake halikupata nafasi, maana ya mwenzake ingali na baridi. Akakanyaga sakafu yenye maji, akashika mlango wa friji.

Mogesi aliporudi alimkuta mwenzake amesimama, jagi limevunjika, mkono haubanduki. Hakumgusa. Alikumbuka alichofundishwa. Alichukua mchi wa kutwangia akampiga kwenye kiwiko, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka mkono ukaachia na Agustina akaanguka. Ndipo akapiga yowe.

Mimi na watu wa jirani tulifika tukakuta hivi: Agustina chini, ametoka damu mdomoni, na Mogesi amesimama juu yake na mchi. Nilijua alichokuwa amefanya, kwa sababu lile somo la Kornelio nilikuwepo. Wengine waliokuja nami hawakuwepo. Nilimwona mwanamke mmoja akimtazama Mogesi, kisha mchi, kisha akarudi nyuma hatua moja. Mambo yalianzia hapo, kwenye ile hatua. Mama Jackson alikuwa ameshakufa, na mimi nililia kama mtoto, sioni aibu kusema.

Polisi walikuja wakaandika ajali ya umeme, wakaondoka. Jackson, mtoto mkubwa wa Agustina, akafika kutoka Sirari anakofanya biashara, macho mekundu. Kornelio akaitwa. Alizima kila kitu, akafungua kifuniko cha sanduku la pili mbele yetu, Machage, Jackson na mimi. Akakigusa kile kijipande kwa ncha ya bisibisi.

"Nani amekirudisha hiki?"

Jackson akauliza ni nini, Kornelio akamweleza yote, kama alivyomweleza baba yake, na kwamba hicho ndicho kilichoua. "Nilikitoa mwenyewe," akasema. "Nilimkabidhi mzee."

Jackson akageuka. "Baba, ulikipeleka wapi?"

Nilimtazama Machage. Nilimwombea moyoni aseme. Alikuwa mtu wa miaka mingi, mbele ya mtoto ambaye mama yake amelala chumba cha pili amefunikwa shuka.

"Nilikiweka kwenye kopo la misumari," akasema.

Ilikuwa kweli. Kilikaa humo kabla hajakirudisha. Na kopo la misumari, kila mtu bomani alijua, lilikaa nyumba ya Mogesi, juu ya kabati. Jackson hakuuliza tena. Alilitazama kabati, akatoka nje. Nilitaka kusema, Machage akanishika mkono kwa nguvu, akaninong'oneza, "Niachie. Nitasema mwenyewe. Acha tumzike kwanza."

Tukazika. Siku zile za msiba maneno yalikua peke yao, hakuna aliyeyapalilia. Mke mdogo alikiona kile kitu kinatolewa. Mke mdogo alikitaka; watoto walimsikia akikiulizia. Kilikuwa kwake. Mwenzake kafia kwake. Na mchi je? Kina mama waliokuja kulia walikula kwenye sufuria za nyumba ya kwanza tu. Happy, aliyeletwa kutoka bweni, aliwapelekea chai, vikombe vikarudi vimejaa. Machage aliyaona hayo yote akiwa amekaa kwenye kiti cha msiba. Kila jioni nilimuuliza, leo? Akasema, kesho, wakitulia.

Ukoo ukaita ritongo, kikao chao cha kuamua mambo mazito. Walikaa uwanjani mbele ya zizi, wazee mbele, vijana nyuma. Mimi si wa ukoo wao, nilisimama kwenye ua. Jackson alisema mama yake ameuawa na hataki kumwona mwanamke yule bomani. Hakutukana. Ingekuwa heri angetukana. Mogesi alikaa chini upande wa kina mama, miguu ameinyoosha, hakuna aliyekaa karibu naye ila mtoto wake, wala hakuna aliyemuuliza kitu.

Ndipo Machage akasimama. Akavua kofia. Akasema yote: alivyoelezwa na fundi, alivyoogopa kumwambia mke wake, alivyokifunga kwa mkono wake mwenyewe Agustina akiwa gulioni. "Mama Happy hana kosa. Aliyemuua mama yenu ni mimi."

Nilishusha pumzi. Nikadhani yameisha.

Mzee mmoja akacheka kidogo, kwa huruma. Jackson akainuka.

"Tata, siku ile nilikuuliza. Mbele ya fundi, mbele ya jirani. Ulisema kopo. Sasa tumekaa siku zote hizi, umeona mke wako mdogo anakwenda, leo unasema ni mkono wako." Akajifuta uso. "Maisha yako yote umegawa sawa. Kipande cha nyama ulikuwa unakipima. Sasa mama amekufa, leo ndiyo umechagua nyumba."

"Sijachagua. Nasema ukweli."

"Umechagua."

Nilipiga kelele kutoka kwenye ua kwamba ni kweli, aliniambia mimi mwenyewe, nilimkataza. Nikaambiwa mtu wa nje ninyamaze, na kwamba rafiki wa mzee atasema nini kingine. Machage alizunguka akitafuta uso mmoja wa kumwamini katika wale wazee aliokula nao, aliowagawia minofu, na wote walitazama chini. Walimheshimu. Walidhani anajibebesha kosa kwa ajili ya mwanamke, na wakamwonea aibu.

Waliamua Mogesi arudi kwao Itiryo.

Aliondoka asubuhi, kwa pikapu ya mtu wa jirani. Alipakia godoro, sanduku la nguo, mbuzi wake wawili. Friji aliiacha. Machage alikuwa anatoka zizini na ng'ombe aliyetaka kumpa, watoto wa nyumba ya kwanza wakamzuia, naye akasimama pale kamba mkononi. Nilikuwa nasaidia kufunga mizigo, kwa hiyo nilisikia.

"Mama Happy," akamwambia. "Nimewaambia ukweli."

"Nimesikia." Mogesi alikuwa anafunga kitambaa kichwani. "Nilisikia na jingine pale. Umesema fundi alikueleza kwa nini kinatolewa."

"Alinieleza."

"Siku ile ile? Kwamba kinaua?"

"Siku ile ile."

Mogesi alimtazama. Katika miaka yote sikuwahi kumwona akimtazama mtu muda mrefu hivyo.

"Nilidhani mnaninyima," akasema. "Miezi ile yote nimekununia, ungeniambia neno moja tu, Mama Happy, hiki kitakuua, ningekitupa chooni mwenyewe. Wewe uliona bora nife kuliko nijue mimi ni wa pili? Nilikuwa najua mimi ni wa pili, Machage. Nilijua tangu siku uliyonioa."

Akapanda mbele karibu na Happy, akafunga mlango. Machage alibaki ameshika kamba, na ng'ombe akaanza kula majani ya pembeni mwa njia.